Safari Isiyotaja Utamu

Tarehe 2 Februari

Wifi yangu mpenzi,

Natumaini hamjambo wote wawili, na kwamba Kaka bado anatengeneza saa za watu huku ya kwake ikichelewa. Mimi mzima, kazi nazo hazijambo.

Nimechukua kalamu badala ya simu kwa sababu jambo lenyewe linataka nafasi. Aprili shule yenu inafunga, na masufuria yako yatapumzika. Mimi nimeomba ruhusa ya Ijumaa, na mkuu wa masijala ameshatia saini. Kwa hiyo ile safari tuliyoahidiana tangu wewe ukiwa bibi harusi, na mimi ni msichana wa kidato cha pili ninayeiba nyama jikoni kwako, sasa haina kisingizio. Unakuja mjini. Ijumaa hadi Jumapili. Kitanda ni chako, mimi nina godoro.

Unanijua, siwezi safari bila mpango hata anayesafiri akiwa mtu mwingine. Nimepanga hivi. Ijumaa ukishuka kwenye basi tunakwenda moja kwa moja soko la viungo, upite kati ya magunia na ile pua yako. Kutoka pale tunaingia bustani ya mimea, kuna uwanja mzima wa mawaridi. Jioni tunakwenda mtaa wa nyuma ya posta. Kuna nyumba tatu za supu zinazotazamana, na kila moja imeandika mlangoni kwamba ndiyo ya asili. Utaonja zote tatu na kutoa hukumu, watu wapumzike.

Jumamosi asubuhi ni makumbusho. Mchana, na hapa usinikasirikie, nimewaalika wenzangu wa ofisini. Nimewasimulia miaka yote jinsi unavyoonja mchuzi mgongoni mwa mkono na kutaja kila kilichoingia, hata kipi kilitangulia. Mama Mihuri, yule anayekaa dirisha la kwanza, haamini. Atapika kwake, alete sufuria imefunikwa, uonje kijiko kimoja useme. Ukipatia, ameapa atavua kilemba mbele yetu sote. Wifi, huyu mama hajavua kilemba tangu niajiriwe. Nimengoja sana.

Jumapili tunapanda mnara, unaona jiji lote hadi mwisho wake, halafu tunakula cha mwisho mahali utakapochagua mwenyewe, na basi lako linaondoka saa nane.

Nijibu upesi nikamwambie Mama Mihuri aanze kunoa visu.

Wifi yako,
Karani


Tarehe 16 Februari

Wifi,

Barua yako imefika na nimecheka peke yangu stoo, mpaka Fundi Moto akaacha kuchochea majiko akaja kuchungulia. Asante kwa kunikumbuka.

Ila Aprili, sijui. Stoo ya shule itapakwa chokaa wakati wa likizo na mtu lazima asimamie magunia. Isitoshe tumbo langu siku hizi si la supu tatu kwa jioni moja. Na supu ni supu tu, hata ukienda wapi. Chakula cha mjini, nasikia, siku hizi kinafanana.

Huyo Mama Mihuri asijisumbue kupika. Mwambie mambo yale yalikuwa ya ujana.

Mnarani kuna upepo? Nauliza tu.

Tuangalie mwaka mwingine, Mungu akipenda. Kaka yako anakusalimu, ameinamia saa ya mtu.

Wifi yako wa jikoni


Tarehe 24 Februari

Kaka, shikamoo.

Nakuandikia kibandani kwako, si nyumbani, kwa sababu nataka kukuuliza jambo bila wifi kuliona. Nimemkosea nini mkeo?

Nimemwalika mjini na amenijibu kwa chokaa. "Supu ni supu tu." Kaka, haya ni maneno ya mtu aliyewahi kurudisha sahani ya arusi kwa mpishi mwenyewe kwa sababu karafuu zilikuwa za mwaka juzi! Nimeisoma mara nyingi nikidhani labda ameandika mtu mwingine.

Nimetafuta kosa langu katika shajara yangu tangu mwaka jana, na nimepata moja tu. Nilipokuja Desemba nilimletea pakiti ya viungo vya dukani, vile vilivyochanganywa tayari, nikamwambia sasa apumzike kutwanga. Nilikuwa natania. Hakucheka. Aliisogeza tu nyuma ya kopo la chai. Kama ni hiyo pakiti, mwambie namwomba radhi na naomba aitupe.

Au anaona nimekuwa mtu wa mjini, najidai? Niambie ukweli, wewe huwezi kunificha.

Mdogo wako


Tarehe 3 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako nimeisomea kibandani na ninakujibia hapa hapa, saa ya mteja ikiwa imefunguliwa mbele yangu. Ukimaliza kuisoma iweke mbali.

Hujamkosea. Wifi yako hasikii harufu. Ladha nayo imekwenda. Yalikuja yale mafua makali ya Novemba, yakamlaza, yakaondoka, lakini pua yake haikurudi. Hajaniambia. Nimejua kwa kukaa naye.

Kwanza ni chungu kilichoungua. Alikuwa amesimama kando yake kabisa, anakunja nguo, na moshi ulikuwa bado haujaonekana. Mimi nilinusa nikiwa nje. Halafu maziwa. Siku moja alinimiminia chai, maziwa yameshachacha, naye akanywa kikombe chake chote akitazama dirishani. Mimi nikanywa changu. Ungefanya nini? Na chumvi sasa inakuja kwa zamu: leo haipo, kesho imekuja na ndugu zake wote. Nakula, nasema asante, namaliza mtungi wa maji.

Shuleni anamwonjesha Fundi Moto, yule mzee wa kuchochea majiko. Amemwambia anamfundisha upishi. Jamaa ameamini, anatembea mitaani kifua mbele, anasema akistaafu mpishi mkuu yeye ndiye anayefuata. Wifi yako anaogopa wakijua atavuliwa aproni, maana mpishi mkuu asiyeonja ni kama mimi nisiyeona mishale ya saa.

Pakiti ile haikumuudhi kwa sababu ya utani. Alikuwa ameshaanza kutegemea pakiti za namna hiyo, kwa siri. Wewe ukaja ukaimwaga siri yake mezani.

Utauliza kwa nini simwambii kwamba najua. Unalijua neno langu la kila Jumapili, kwamba mchuzi wake ndio ulionioa. Nimelisema miaka yote. Jumapili ya kwanza baada ya mafua nikalisema tena kwa mazoea. Akaweka kijiko chini, akatoka kwenda kuanua nguo. Nguo zilikuwa bado zinadondosha maji. Tangu siku hiyo sijalisema, na kila Jumapili tunakula tukilisubiri, yeye na mimi, halafu tunaondoa vyombo.

Safari anaitaka. Ameteremsha lile sanduku la bluu, akalifuta vumbi, akalirudisha juu ya kabati. Wiki hii amelifuta tena. Usiifute safari, lakini usimwonyeshe kwamba unajua. Sijui utafanyaje. Wewe ndiye mwenye mipango.

Kaka yako


Tarehe 12 Machi

Kaka, shikamoo.

Nimelia kidogo, kisha nikachukua karatasi, ndivyo nilivyo. Nimekata soko la viungo. Nimekata mawaridi. Nimekata supu zote tatu. Nilipomaliza kukata, mpango wangu ulikuwa umebaki mnara peke yake, na huwezi kumlisha mtu mnara siku tatu.

Basi nikafanya jambo ambalo usimsimulie mtu. Nilichukua kibanio cha kuanikia nguo, nikaenda mkahawa wa karibu na ofisi, nikaagiza chakula, nikabana pua, nikala. Nilitaka kujua kinachobaki ni nini. Mhudumu alikuja akiwa amenyong'onyea, akaniuliza, "Dada, kuna kinachonuka?" Nikamwambia hapana, ni mafua. Akasema, "Mafua hayafungwi kwa kibanio, dada." Watu wa meza ya pili wakageuka. Nikaendelea kula, kwa sababu nilikuwa nimeshalipia.

Tangu siku hiyo nimekwenda sehemu nyingi, kila nikitoka kazini. Supu zote tatu, pua ikibanwa, ni maji ya moto tu. Kwa mara ya kwanza zimekubaliana. Wali ni laini na kimya. Lakini kuna muuza karanga kwenye ngazi za makumbusho, anazikaanga kwenye mchanga, na ukizitafuna kichwa chote kinalia. Kuna kuku wa kukaanga mtaa wa mafundi cherehani, ngozi yake inapasuka kama majani makavu ukiyakanyaga. Kuna embe bichi na pilipili, machozi yanakutoka ukijua kabisa umekula. Kuna barafu ya maziwa juu ya mkate wa moto, baridi na joto vinagombana mdomoni. Sikujua kwamba kula kuna mambo mengi hivi. Miaka yote nilikuwa nasikiliza upande mmoja.

Ila nikuambie ukweli, nikibana pua bado nasikia chumvi. Kwa hiyo nimefika nusu ya njia tu. Alipo yeye sijafika.

Mama Mihuri nimemfuta. Akauliza kama wifi yangu ameogopa. Nikasema ndiyo, amekuogopa wewe. Amefurahi, kilemba kimekazwa zaidi.

Mdogo wako


Tarehe 14 Machi

Wifi yangu mpenzi,

Nimeupanga upya mpango, maana wa kwanza ulikuwa wa kuchosha na sikukufikiria tumbo. Naomba uusome kabla ya kusema chokaa.

Ijumaa hatufanyi haraka. Tunaweka sanduku kwangu, tunatembea mtaa wa mafundi cherehani, ni mrefu, vitambaa vimetundikwa pande zote na hakuna anayekukataza kushika. Kuna mahali pa kuku pale katikati. Wanakaanga mbele yako na unasikia sauti kabla hujafika.

Jumamosi ni makumbusho. Kuna chumba cha jiko la zamani, limepangwa kama wenyewe wametoka kidogo tu, na nataka uniambie walichokosea. Kwenye ngazi kuna karanga za moto. Wenzangu wa ofisini hawatakuja, ukaguzi umeingia, Mama Mihuri amezama kwenye mafaili. Mchana, embe bichi za pilipili, chukua leso. Jioni kuna duka la mkate wa moto na barafu juu yake, lazima ule haraka kabla ya kuyeyuka.

Jumapili mnara. Uliuliza kuhusu upepo. Upo, mwingi. Chukua khanga ya kujifunga kichwani.

Chokaa wapake wenyewe. Nakungoja Ijumaa tarehe 17 Aprili, kituo kikuu, mlango wa pili, nitasimama chini ya saa. Mwambie Kaka saa ile haisemi kweli na imemkosa yeye.

Karani


Tarehe 25 Machi

Wifi,

Nimeusoma mpango wako, nikaukunja, nikaufungua tena nikausoma. Umebadilika.

Nakuja. Sanduku nimeliteremsha.

Fundi Moto atasimamia chokaa. Amesema mpishi mkuu mtarajiwa lazima ajue na mambo ya kuta.

Wifi yako wa jikoni


Tarehe 24 Aprili

Wifi yangu mpenzi,

Natumaini ulifika salama na Kaka alikupokea. Nyumba imekuwa kubwa ghafla. Nimerudi kulala kitandani lakini nimekisahau, juzi niliamka nikiwa godoroni.

Umesahau khanga yako. Ilibaki kwenye kiti, bado imefungwa fundo lile la mnarani. Nitaituma na basi.

Nakiri jambo la mnara kabla hujamsimulia Kaka. Miaka yote hii mjini sikuwa nimewahi kuupanda. Nilijua urefu wake na saa za kufunguliwa, nikadhani hiyo inatosha. Sikujua kwamba lifti ni ya vioo. Asante kwa kunishika mkono na asante kwa kunieleza vilivyokuwa chini huku mimi nimefumba macho. Ninakuamini kwamba mto ulikuwepo.

Makumbusho wameniandikia. Ile barua uliyowaachia mlangoni, kwamba katika lile jiko la zamani wameweka mwiko upande wa moto na hakuna mwanamke ambaye angeuweka pale akaungua kila siku, wameijibu. Wameuhamisha. Jana nilikwenda kuhakikisha. Nilisimama pale kwenye kamba nikajisikia kama mwenye nyumba.

Nimejiuliza kama kweli ulifurahi, au ulinifurahia mimi. Ukiweza, niambie. Nitapokea lolote.

Karani


Tarehe 4 Mei

Wifi,

Umeuliza, nitakujibu, na nitakujibu yote.

Nilijua tangu barua ya mpango wa pili. Unapenda kula kuliko mtu yeyote ninayemjua. Ulipokuwa mdogo ulikuwa unafumba macho ukitafuna. Ukapanga siku tatu za chakula na katika barua nzima hukutaja utamu hata mara moja. Sauti, moto, baridi, haraka kabla ya kuyeyuka. Hakuna neno tamu. Nikasema, huyu ameambiwa.

Lakini mtu anaweza kujidanganya, kwa hiyo nikaja kuangalia. Ijumaa, kwenye kuku, uliionja sahani yangu kwanza, kipande kidogo cha pembeni, kama mama anayeonja uji wa mtoto, halafu ukasogeza chumvi upande wako ukijifanya unatafuta nafasi ya kiwiko. Jumamosi yule mwanamke wa viungo, aliyesimama nje ya soko, aliponyoosha kiganja ninuse iliki zake, ulipita katikati yetu kwa kasi ukamgonga, iliki zikamwagika, ukazilipia zote. Uliniambia umeteleza. Wifi, ilikuwa lami, kavu.

Na usiku nilipokuwa naweka nguo zangu nikakuta kwenye mkoba wako uliotundikwa mlangoni kibanio cha nguo. Peke yake. Sikuelewa mpaka nilipoketi kwenye basi. Nililia kutoka kituo kikuu mpaka tulipoanza kuona mashamba, na abiria mwenzangu akanipa chungwa.

Nilifurahi. Zile karanga nimeziota. Lakini hata bila karanga ningefurahi, kwa sababu tangu Novemba nilikuwa nakula peke yangu, hata meza ikiwa imejaa watu.

Daktari nilimwona Januari. Alisema inaweza kurudi, inaweza isirudi, hakuna dawa ya kunywa. Nilitoka pale nikaenda moja kwa moja kazini kupika maharage ya wanafunzi mia tatu.

Sasa kuna hili. Aliyekuambia ni mtu mmoja tu. Hakuna mwingine anayekaa nami mezani. Kwa hiyo anajua. Nimehesabu siku nyuma na nimeikumbuka ile chai. Niliyakuta yale maziwa asubuhi yake, yameganda chini ya sufuria, nikashukuru Mungu kwamba yeye alikunywa bila kugundua. Alikunywa akijua. Amekula vyote akijua, na maji ya mtungi yakiisha.

Sikumficha kwa sababu ya aproni. Aproni naiogopea, ndiyo, lakini ya shule ni kazi, na kazi mtu hutafuta nyingine. Kaka yako hakuwahi kuniambia ananipenda kwa maneno mengine. Ni mchuzi tu, kila Jumapili. Mchuzi ukiondoka, nimebaki na nini cha kuambiwa? Na sasa amenyamaza. Jumapili tunakaa kama watu wawili kwenye chumba cha kungojea.

Nifanyeje, wewe mwenye mipango?

Wifi yako


Tarehe 12 Mei

Wifi yangu mpenzi,

Kwanza kibanio hakikuwa cha kuonwa na mtu. Kipo droo ya ofisini sasa. Mama Mihuri ameuliza ni cha nini na nimemwambia ni cha mafaili.

Sina mpango mrefu. Nimejaribu kuandika mitatu nikaichana. Ninalo jambo moja: pika mchuzi ule ule wa Jumapili. Mpe. Halafu muulize kuhusu chumvi, na umwambie hutaki asante. Unataka jibu.

Anakuogopa, Wifi. Anadhani akisema atavunja kitu. Ni mtu wa saa, amezoea vitu vidogo vinavyovunjika.

Mimi nipo. Nikilazimika nitapanda basi nije niwe chumvi mwenyewe.

Karani


Tarehe 27 Mei

Wifi,

Keti kwanza.

Nilianza na Fundi Moto, kwa sababu yeye ni mwepesi. Nilimwambia ukweli mbele ya jiko. Alinitazama, kijiko mkononi, akasema, "Kwa hiyo sikuwa nafundishwa? Nilikuwa nafanya kazi?" Alinuna siku mbili, hakutaka hata kuchochea vizuri, maharage yakachelewa. Siku ya tatu akaja na masharti: aitwe Mwonjaji, na apewe aproni nyeupe, si ile ya kijivu ya watu wa kuni. Nikampeleka kwa mwalimu mkuu. Tukasimama sote wawili, yeye akazungumza kuliko mimi. Mwalimu mkuu amesema tuendelee hivyo muhula huu, halafu ataangalia. Hakusema ataangalia nini. Nimeondoka na aproni yangu ikiwa bado imefungwa kiunoni, na hiyo kwa sasa inanitosha.

Halafu Jumapili.

Nilipika kama zamani, kwa mikono tu, bila pakiti. Vitunguu nilivisikiliza. Ni kweli ulivyoniambia kule mjini, vina sauti, vikikaribia kuwa tayari vinanyamaza kidogo. Sikuwahi kugundua nilipokuwa na pua. Chumvi nilitia kwa kukumbuka.

Kaka yako akaketi. Akala kijiko kimoja, cha pili, akavuta mtungi. Nikauweka mkono wangu juu ya mtungi. Nikamwambia, "Baba, chumvi ikoje? Na usiniambie asante."

Akauachia mtungi. Ulimwona siku ile saa ya mwalimu wa kwaya ilipomponyoka? Ndivyo alivyokuwa. Kisha akasema, "Imezidi."

Nikasema, "Kiasi gani?"

"Imezidi sana, mke wangu. Wiki iliyopita ndiyo haikuwepo kabisa."

"Na maziwa?"

"Maziwa tusiyataje wakati wa kula."

Nilianza kucheka na nikaanza kulia, vyote pamoja, na yeye hakujua ashike lipi. Nikamwambia lile nililokuambia wewe. Kwamba mchuzi uliomuoa umekufa, na mimi sijui yeye amebaki mume wa nani.

Akaisogeza sahani. Akafuta mikono, kidole kimoja kimoja, kama anavyofanya kabla ya kufungua saa ya gharama. Akasema, "Sasa kwa kuwa leo ni siku ya ukweli. Mchuzi ule wa siku ya kwanza, nyumbani kwenu."

"Ulikuwaje?"

"Ulikuwa umeungua."

Wifi, nilisimama. Nilimwambia haiwezekani, mimi na pua yangu ile! Akasema, "Uliungua chini kabisa. Baba yako alisukuma sahani. Mjomba wako akasema ana haraka. Mimi nikaomba nyongeza. Nilidhani unajua. Nilidhani ndiyo maana ulicheka kila niliposema."

Nikaketi. Na nikakumbuka. Ilikuwa kweli, Wifi. Nilikuwa nimekiacha chungu, nimesimama nyuma ya pazia la jikoni, namtazama kijana mmoja aliyeketi na wazee akiwa amefungua saa ya baba yangu iliyosimama, ameiinamia, hana habari na mtu. Sikusikia harufu yoyote siku ile pia.

Tumemwaga mchuzi. Tumekula karanga ulizonitumia na basi, za kwenye ngazi, tukitafuna kwa kelele kama watoto. Anataka Agosti tuje wote. Ameomba mambo mawili: umwonyeshe hiyo saa ya kituo isiyosema kweli, na safari hii mnarani wewe ubaki chini.

Khanga imefika. Fundo sijalifungua.

Wifi yako wa jikoni